Pengo Halinolewi Kabla Jino Halijaonekana

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kisu. Nilipewa ungo wa maharage nikaambiwa nichambue mawe. Nilikuwa binti niliyetoka Mkange na furushi la nguo, nimepata kazi ya usaidizi jikoni katika shule moja ya bweni Bagamoyo, na nilidhani kazi ya jikoni ni kupika. Mpishi Mkuu alikuwa mtu mfupi, taulo begani, sauti inayosikika mpaka bwaloni. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," macho yakiwa kwenye ungo wangu, kisha akasema, "Kila jiwe liweke kwenye kopo nilione. Jiwe ambalo sijaliona bado limo ndani ya maharage."

Nilimwona mtu wa kero. Kabla ya adhuhuri nikaitwa nikasaidie kukata vitunguu, na kisu nilichopewa kilikuwa hakikati, kinaponda. Nikasema kwa sauti, maana mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki, kwamba kisu kile hata ugali wa moto hakiuwezi. Mpishi Mkuu akaja, akakitazama kisu, akanitazama na mimi.

"Unajua kunoa?"

"Sijui."

"Basi utajua. Aliyeona kasoro ndiye mwenye kazi."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutunza visu, kwa kulalamika. Nimeifanya mpaka nimestaafu, na kulalamika sijaacha, kwa sababu watu nao hawajaacha kunipa sababu.

Nieleze kwanza vitu vyenyewe, maana siku hizi naona hata wanaouza visu hawavijui. Kisu kina mgongo, yaani upande wa juu usiokata. Kina bapa, ule ubavu mpana, halafu kina makali. Ninachokizungumzia hapa ni kile kisu kizito cha mifupa, kipana kama kiganja cha mwanamume, ambacho hukipeleki mbele na nyuma kama msumeno bali unakiinua na kukiangusha. Kimetengenezwa kwa feleji, chuma kigumu. Watu wakisikia neno gumu wanadhani maana yake hakivunjiki. Ni kinyume. Chuma laini hujikunja, feleji humeguka. Ukikipindua kikiwa kimenasa mfupani, ukakipigisha jiwe, au ukakata nyama iliyoganda barafu, makali hutoka kipande. Pale palipomeguka tunapaita pengo. Kipande kilichotoka tunakiita jino.

Jino ndilo lililonifanya niandike haya. Pengo kila mtu analiona, na kila mtu anataka litolewe upesi. Jino hakuna anayelitaka.

Siku niliyoletewa kisu cha kwanza chenye pengo nilifurahi kama niliyepandishwa cheo. Nikachukua tupa, kile chuma chenye meno madogo cha kukwangulia chuma kingine, nikaanza. Mpishi Mkuu akanichapa mkono kwa taulo.

"Jino liko wapi?"

"Jino gani, mzee?"

"Kisu hiki jana kilikuwa kizima, leo kina pengo. Kilichotoka hakikupaa mbinguni. Kimo kwenye gogo, au kimo sakafuni, au kimo kwenye chakula cha watoto wa watu. Ukishanoa, pengo halipo tena. Nani atakumbuka kutafuta?"

Tukalitafuta. Lilikuwa limezama kwenye gogo la mkwaju tulilokatia nyama, na mara nyingi huwa hapo. Alilitoa kwa ncha ya kisu kidogo, akalipachika kwenye pengo kuona kama linaingia sawasawa na halikuacha kipande kingine nyuma. Liliingia. Hapo ndipo aliponirudishia tupa.

Nikakosea tena. Nikalichimba pengo lenyewe, nikidhani nikililainisha kingo litapotea. Likawa ghuba. Mpishi Mkuu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na ulimwengu. Pengo halijazwi, wala halichimbwi. Unashusha makali yote, toka mwanzo mpaka mwisho, mpaka yafike chini ya pengo. Ukuta ukiwa na tofali moja lililovunjika juu, unapunguza mstari wote uwe sawa. Kisu kinapungua upana kidogo, ndiyo. Kila pengo lina gharama, na gharama yake inalipwa na kisu kizima.

Nilikaa shule ile mpaka Mpishi Mkuu akaondoka. Baadaye nikahamishiwa machinjio madogo njia ya Vigwaza, wakitaka mtu wa kutunza vyombo. Msimamizi wa Machinjio aliponiona alivua kofia akajikuna.

"Mwanamke atafanya nini hapa?"

"Atanoa."

"Tuna mashine."

Walikuwa nayo kweli, na ndiyo iliyokuwa inawaulia visu. Ni ile mashine ya jiwe linalozunguka kwa umeme. Wanaume wale walipenda cheche. Walikibana kisu kwenye jiwe kikavu mpaka cheche ziruke kama fataki, na makali yakageuka rangi ya bluu, wakasema kimeiva. Hakikuiva, kimekufa. Feleji ikipata moto mpaka ikageuka bluu, ugumu wake umeondoka, na kisu hicho utakinoa asubuhi, mchana kimeshalala. Nikaweka ndoo ya maji kando ya mashine. Sheria yangu ilikuwa moja: kabla kidole hakijashindwa kushika, kisu kiingie majini. Waliichoka ndoo ile. Kila nikigeuka naikuta ina miguu ya mtu anayenawa.

Huko nilikutana na Bwana Afya, mkaguzi aliyekuja kupima nyama na kuipiga mhuri. Alikuwa mpole mno, mpaka siku kisu cha mifupa kilipotoka pengo nyama ikiwa imeshapasuliwa na wenye bucha wanasubiri na baiskeli zao. Nikauliza jino liko wapi. Msimamizi akapandisha sauti, "Mama, watu wanasubiri! Noa hicho, tuendelee!" Bwana Afya akarudisha mhuri wake mfukoni.

"Mhuri wangu unasema nyama hii ni salama," akasema taratibu. "Hausemi ni salama isipokuwa pale penye chuma."

Tulipekua. Jino lilikuwa kwenye mfupa wa shingo, limelala kati ya pingili. Msimamizi alilitazama kiganjani mwangu, na mimi nikasubiri neno la shukrani. "Sasa noa," akasema.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa hoteli moja ya wageni ufukweni, na hapo ndipo nilipoishiwa subira kabisa. Wapishi wa pale walikuwa vijana hodari, lakini walitoa mbavu kwenye friza zikiwa jiwe na kuzipiga na kisu hapohapo. Halafu waliomba kisu cha mifupa kinolewe kiwe kama wembe. Nimelisema hili mpaka koo limekauka: kisu cha mifupa hakinolewi kama wembe. Makali yake lazima yawe na mabega, yaani unene nyuma ya ukingo, ili yabebe pigo. Ukiyafanya membamba yanakata karatasi vizuri sana na yanameguka kwenye goti la mbuzi. Nikimwambia kijana hivyo, ananijibu, "Sawa, bi mkubwa," kisha anakwenda kukinoa mwenyewe nyuma ya stoo.

Meneja alikuwa mtu wa tai na haraka. Siku moja niliposimamisha supu ya mbavu kwa sababu jino halijaonekana, alikuja jikoni akaniambia, "Mama, hii ni hoteli, si kliniki ya meno." Vijana wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kisha nikamwambia kuwa supu haitoki. Haikutoka. Jino tulilikuta kwenye pipa la mifupa, na Meneja akanuna mpaka Ijumaa. Nilipostaafu yeye ndiye aliyesoma hotuba. Alinisifu kwa usafi. Wakanipa doti ya khanga na saa ya ukutani isiyo na betri.

Nikarudi nyumbani kwangu Majengo nikidhani nimemaliza habari ya visu. Nilikuwa na kinoo changu, lile jiwe la kunolea kwa maji, na tupa zangu, na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Majirani wakaniletea visu vya jikoni, majembe, hata mkasi wa kukatia kwato za mbuzi. Hayo niliyavumilia. Lakini yaliyotokea kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu Mbwana sikuyavumilia, na mpaka leo nikiyakumbuka natafuta mahali pa kukaa.

Harusi ilifanyika uani kwangu kwa kuwa uwanja wangu ni mkubwa. Ng'ombe alichinjwa jana yake alasiri. Kisu cha mifupa kiliazimwa kwa Bwana Nasoro mwenye bucha, ambaye babu zake walitoka Manga, huko Uarabuni, na kisu chenyewe aliachiwa na marehemu baba yake. Mkataji alikuwa mkwe wangu Athumani, mume wa binti yangu Mwanaisha. Athumani ni fundi wa kujenga, ana mikono ya nguvu, na alijitolea. Mwanaisha mwenyewe alikuwa chumbani kwangu, ndani ya arobaini yake, amejifungua mtoto wa kike.

Asubuhi ya harusi, masufuria ya nyama yakiwa yameshapanda moto na Mzee Kondo, mpishi wa shughuli, amesimama juu yake na upawa kama askari na bunduki, Athumani alinifuata nyuma ya nyumba. Ameshika kitu ndani ya gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba, mama, unisaidie kabla mwenyewe hajakiona." Akakifungua. Kisu cha marehemu baba yake Nasoro kilikuwa na pengo pana kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Sasa hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wa mbali. Mkwe kwetu hakemewi. Mama mkwe na mkwe wake wanastahiana. Hawabishani, hawatazamani machoni, hawaulizani maswali kama polisi. Mama anayemfokea mkwe wake amejivunjia nyumba mwenyewe. Nilikuwa na maneno kinywani ya kujaza pipa, na hakuna hata moja nililoruhusiwa kumwambia. Nikafanya wanavyofanya wanawake wa pwani. Nikakikemea kisu.

"Wewe kisu huna haya," nikakiambia. "Umeazimwa, umevunjika, umejificha kwenye gunia. Jino lako umeliacha wapi? Hujui kuwa uani kuna sufuria tatu za nyama na watu wa Miono na Mkange wako njiani? Au ulidhani mimi nitakupaka poda uonekane mzima?"

Athumani alitazama chini. "Jino halijaonekana, mama," akaliambia vumbi.

"Kisu," nikasema, "jino haliwezi kutoonekana mpaka litafutwe."

Nikaenda kwenye gogo. Nililipiga mswaki wa waya, nikalipitishia sumaku kila ufa, nikachokoa kwa sindano ya kushonea magunia. Vumbi la chuma tu. Nikapepeta mchanga kuzunguka gogo. Hamna. Nikasimama, kiuno kinauma, nikaenda kwa Mzee Kondo.

"Zima moto, Mzee Kondo. Nyama ishuke."

"Bi Kheri, nimesikia vibaya?"

"Umesikia vizuri. Kuna chuma ndani."

Ilizuka kelele ambayo nadhani ilifika sokoni. Mzee Kondo alisema amepika shughuli za watu tangu hajaota ndevu na hajawahi kushusha sufuria kwa ajili ya mwanamke na sumaku. Mbwana alikuja mbio, kanzu mpya, jasho usoni. "Dada, unatuaibisha! Siku ya mwanangu! Wageni wakifika wakute nini?"

"Wakute njaa," nikamwambia. "Njaa inatibika."

"Na aibu?"

"Aibu ya pilau kuchelewa itakwisha watu wakishashiba. Chuma kooni mwa mgeni utakieleza vipi, Mbwana? Utasema kiungo gani hicho?"

Mchele ulikuwa haujaingia, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu. Nyama ikamwagwa kwenye masinia, mchuzi tukauchuja kwa kitambaa cheupe, na kila pande la nyama likapita mikononi mwa watu, likabinywa, mfupa ukapitishiwa sumaku. Wanawake walikuja kusaidia huku wananong'ona. Wageni wa Miono wakafika wakatukuta tunaipekua nyama kama watu waliopoteza pete. Sheikh akaambiwa aongeze dua. Akaongeza. Akaongeza tena.

Hatukupata kitu. Sinia la mwisho liliisha, na sumaku yangu ilikuwa safi kama siku niliyoitoa kwenye redio. Mzee Kondo akaweka upawa begani. "Haya, Bi Kheri. Jino lako liko wapi?" Watu wakanitazama. Nimetazamwa vibaya katika maisha yangu, lakini na mameneja. Hawa walikuwa ndugu zangu.

Kulikuwa na swali moja ambalo katika vituo vyote nilivyofanya kazi nililiuliza kabla ya kugusa chochote, na asubuhi ile sikuliuliza, kwa sababu aliyetakiwa kulijibu alikuwa mkwe. Kisu kikimeguka hulia. Ni mlio mkavu, mkataji hawezi kuukosa, hata kama atajifanya hakuusikia. Swali ni kisu kilikuwa kinakata nini kilipolia. Nilikuwa nimekiuliza kisu, na kisu hakina mdomo. Nikachoka na stara. Nikageuka, nikamtazama Athumani usoni mbele ya watu wote, nikamwita kwa jina.

"Athumani! Ulikuwa unakata nini kisu kilipolia?"

Alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Kongoro, mama. Jana jioni. Kabla hata sijaigusa nyama ya shughuli. Nilidhani jino limerukia mchangani, nikaona haya kusema."

"Kongoro lipi?"

"Makongoro ya..." Akageukia mlango wa chumba changu. "Ya supu ya mzazi. Yalilala jikoni kwa mkaa. Nimempelekea Mwanaisha asubuhi hii, mwenyewe, kwa mkono wangu."

Sikumbuki nilivyofika chumbani. Mimi si mtu wa kukimbia, magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Ninachokumbuka ni Mwanaisha ameketi kitandani, mtoto amelala kando yake, bakuli kwenye mapaja, na mfupa wa kongoro mkononi akiupeleka mdomoni ili anyonye uboho.

"Weka chini!"

"Mama, kuna nini?"

Niliunyakua. Jino lilikuwa pale, limejikita kwenye tundu la uboho, ncha imetazama nje, limepata mafuta ya supu likang'aa. Upande wa pili wa mfupa alikuwa ameshaunyonya. Huu ndio uliobaki.

Athumani alikuwa amefika mlangoni. Hakuingia. Alilitazama jino kiganjani mwangu, akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, halafu akakaa sakafuni pale pale kizingitini, mwanamume mzima, akafunika uso. Sikumkemea, wala kisu sikukikemea. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na nikalia, na nililia kwa hasira kama nilivyolia kwa woga. Tumemwaga sufuria tatu mbele ya wageni, na muda wote zilikuwa safi. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Hawakusema kuwa kifo kinaweza kupita chumba cha pili kwanza.

Pilau ililiwa imechelewa sana, na watu wa Mkange mpaka leo wanalisema hilo. Waseme. Wote walikwenda kwao na makoo yao.

Kesho yake nikakikarabati kisu. Niliosha mafuta, nikalipachika jino kwenye pengo, likaingia lote, hakuna kilichosalia. Nikayapaka makali masizi ya sufuria ili nione tupa inapogusa na isipogusa. Nikakibana mezani, nikashusha makali yote kwa tupa, kwa mapigo marefu ya kwenda mbele tu, maana tupa hukata ikienda, ikirudi unaiumiza bure. Pengo likawa dogo, likawa doa, likaisha. Wakati huo kisu huwa butu kabisa, ukingo wake bapa kama wa rula, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nikaurudisha mlalo, yaani ule mteremko wa makali, upande huu na upande huu kwa usawa, nikaacha mabega. Mwisho kinoo na maji, mpaka ule unywele wa chuma unaojitokeza ukingoni ukatoka. Sikukijaribu kwa kidole, hiyo ni mbwembwe. Nilikijaribu kwa mfupa.

Kisha nikamwambia Athumani, kupitia kwa Mwanaisha, kwamba kisu atakirudisha mwenyewe, na jino alifunge kwenye karatasi alipeleke pia, aeleze yote. Alikwenda kama anayepelekwa mahakamani. Mimi nikamfuata nyuma kwa mbali, nikijidai nanunua maini.

Bwana Nasoro alisikiliza mpaka mwisho, akakigeuzageuza kisu. "Mmekipunguza," akasema.

"Tumekipunguza, ndiyo!" Sikuweza kujizuia. "Ulitaka nikirefushe?"

Akacheka. "Bi Kheri, usinipigie kelele bucharini kwangu. Kisu hiki marehemu alikitoa mapengo tangu mimi sijaanza chuo. Angeniambia tu jana ile ile, ningempa kingine. Kwani ni yai?"

Nilirudi nyumbani bila maini. Mambo yote yale, kwa kumwogopa mtu ambaye hakuwa na habari.

Siku hizi nimezeeka, naona watu wakinunua visu vipya kila kile cha zamani kikipata pengo, wanakitupa na pengo lake, na jino hawaliulizi. Naambiwa ndiyo maendeleo. Mimi sina ugomvi na kisu kipya. Lakini nyinyi mnaoingia kazini sasa, jikoni, bucharini, popote, kumbukeni kuwa pengo si tatizo, lina dawa, nimewaeleza dawa yake hapa. Tatizo ni kile kilichotoka na mahali kilipokwenda. Na mkiwa na mtu wa kumuuliza, muulizeni yeye. Msikiulize kisu.

Majuzi Athumani alikuja. Mjukuu wangu sasa anatembea, alikuwa ameshika kanzu ya baba yake. Hakuleta gunia. Alikuja wazi, mchana, mbele ya majirani, kisu cha mifupa mkono mmoja, na kabla hata sijaketi vizuri akafungua kiganja cha pili. Jino lilikuwa pale juu ya kipande cha gazeti.

"Shikamoo, mama. Kimelia nikikata mbavu. Nililitafuta, hili hapa. Nimelipachika, linaingia lote."

Nikaitikia. Nikalitazama jino, nikalitazama pengo. Nikatafuta kasoro ya kusema, na katika miaka yangu yote ya kazi ilikuwa mara ya kwanza siioni. Nilikichukua kisu nikakitikisa.

"Kisu," nikakiambia, "mpini wako umelegea."